Bansko, Gudauri au Innsbruck: Msafiri wa Peke Yake Akateleze Wapi kwa Gharama Nafuu?

Anayekwenda kuteleza kwenye theluji peke yake hulipa gharama moja isiyoandikwa kwenye bango lolote la bei. Kundi la watu wanne hugawana chumba, hugawana teksi ya kutoka uwanja wa ndege, hugawana ada ya mwalimu na hata mafuta ya kujikinga na jua. Aliye peke yake hubeba vyote hivyo kwa mfuko mmoja. Ndiyo maana orodha za vituo vya bei nafuu zinazotolewa kila msimu humpotosha msafiri wa namna hii, kwa kuwa hupanga vituo kwa kufuata bei ya tiketi ya lifti, yaani mitambo inayowapandisha watelezaji mlimani, ilhali kwake tofauti kubwa imo katika mambo matatu: kitanda, usafiri wa sehemu ya mwisho ya safari, na darasa la kujifunzia. Kituo kilicho nafuu kwake ni kile kinachouza vitu hivyo vitatu kwa kichwa kimoja kimoja. Kwa kipimo hicho, mahali panaposifiwa kwa bei rahisi huweza kumgharimu sana, na mahali panapoogopwa kwa ughali pakamfaa.

Nimekulia Tanga, ambako barafu tuliyoijua ilikuwa ile ya ubuyu na ukwaju iliyouzwa mlangoni mwa shule. Sasa ninafanya kazi Munich, na katika misimu saba iliyopita nimekwenda Bansko mara mbili, Gudauri mara moja, na Innsbruck mara nyingi zaidi, kila safari nikiwa peke yangu. Hivyo nitavilinganisha vituo hivyo vitatu, na mwishoni nitasema neno juu ya Lesotho na Dubai kwa ajili ya wasomaji wanaoanzia safari Afrika Mashariki au nchi za Ghuba.

Bansko

Bansko ni mji mdogo wa Bulgaria ulio chini ya milima ya Pirin, takriban kilomita 160 kusini mwa Sofia. Mji wenyewe uko chini ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na lifti hupanda hadi karibu mita 2,600, kwenye njia za kutelezea zenye jumla ya kilomita zipatazo 75. Kwa miaka mingi jina lake limetajwa pamoja na neno rahisi, lakini msomaji aanze kwa kujua kwamba tiketi ya lifti hapa si rahisi tena: kwa mtu mzima, siku moja imekwisha kupita euro 50, bei ambayo inakaribiana na ya milima midogo ya Austria. Tangu tarehe 1 Januari 2026 Bulgaria inatumia euro, kwa hiyo ulinganisho huo mtu anaweza kuufanya mwenyewe bila kikokotoo.

Unafuu wa Bansko umo katika kitanda na sahani. Katika miaka ya 2000 wawekezaji walijenga majengo mengi ya fleti kuliko mahitaji, na matokeo yake ni kwamba hadi leo msafiri mmoja anaweza kupata chumba kizima chenye jiko dogo kwa fedha ambayo katika milima ya Alps ingempatia kitanda cha juu katika bweni la watu wanane. Chakula katika mikahawa ya kienyeji, inayoitwa mehana, huletwa kwa sahani ya mtu mmoja. Bakuli la nyama iliyopikwa taratibu kwenye chungu, mkate na saladi ya jibini nyeupe humshibisha mtu aliyeshinda mlimani, na bili yake haimfanyi aanze kuhesabu siku zilizobaki. Jambo la tatu, na kwangu mimi si dogo, ni kwamba mji huu umekuwa makao ya watu wanaofanya kazi kwa kompyuta kutoka popote, ambao hukaa hapo miezi mizima. Kwa sababu hiyo mgeni wa peke yake hakosi mtu wa kupanda naye lifti asubuhi wala wa kula naye jioni.

Kwa anayejifunza, Bansko ina ubora mwingine: vifurushi vya wanaoanza, vinavyounganisha tiketi ya lifti, kukodi vifaa na darasa la kikundi kwa siku kadhaa. Ukinunua vitu hivyo kimoja kimoja, hesabu hupanda haraka. Ukivinunua kwa pamoja, unalipa kama mtu mmoja kati ya kundi la wanafunzi. Hapo ndipo gharama ya kuwa peke yako inapopungua kweli.

Kasoro zake ni mbili. Ya kwanza ni foleni. Kutoka mjini hadi uwanda wa Banderishka, ambako njia zinaanzia, kuna gondola moja tu, yaani lifti ya vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, na mipango ya kuongeza nyingine imekwama kwa miaka katika mabishano juu ya Hifadhi ya Taifa ya Pirin, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 1983. Asubuhi ya Jumamosi ya Februari unaweza kusimama saa nzima au zaidi, buti zikiwa zimekubana miguuni na skii, zile mbao za kutelezea, zikiwa begani, ukisogea hatua mbili mbili. Dawa yake ni kufika kabla lifti hazijafunguliwa, au kupanda kwa basi au gari la pamoja linalofuata barabara ya mlimani, au kuja katika wiki za katikati ya Januari.

Kasoro ya pili ni ile sehemu ya mwisho ya safari. Kutoka uwanja wa ndege wa Sofia kuna metro hadi mjini, na kutoka kituo kikuu cha mabasi kuna basi la Bansko linalochukua saa tatu hivi. Kwa mtu mmoja nauli hiyo ni nafuu kabisa. Lakini basi la mwisho huondoka mapema jioni. Katika safari yangu ya kwanza ndege ilichelewa kwa saa mbili, basi likaondoka, na gari la pamoja nililokuwa nimelilipia halikunisubiri wala fedha haikurudishwa. Nikakodi teksi nzima peke yangu kwa karibu euro 100, yaani zaidi ya bei ya usiku tatu za malazi yangu. Tangu siku hiyo sikati tena ndege inayotua Sofia baada ya saa nane mchana, na ikinilazimu kutua usiku, ninalala hosteli mjini Sofia na kuondoka asubuhi. Ipo pia reli nyembamba ya kutoka Septemvri hadi Dobrinishte inayopita Bansko. Ni ya polepole sana, inachukua takriban saa tano, na inamfaa mwenye muda wa kutazama mabonde.

Gudauri

Gudauri iko Georgia, kilomita zipatazo 120 kaskazini mwa Tbilisi, kando ya barabara ya zamani ya kijeshi inayovuka milima ya Caucasus kuelekea Urusi. Kijiji chenyewe kiko karibu mita 2,200, na lifti za juu hupita mita 3,200. Hapa ndipo tiketi ya lifti ilipo rahisi kwa dhati: katika misimu ya karibuni imekuwa karibu nusu ya ile ya Bansko, na lifti si za kubahatisha, kwani nyingi ni mpya na za haraka. Njia ni pana, hazina miti, na jua la Machi huzifanya laini kufikia adhuhuri. Anayejua kuteleza kwa kiasi cha njia za rangi ya bluu na nyekundu, yaani nyepesi na za wastani, atafurahi mno.

Usafiri wake nao unauzwa kwa kichwa. Katika kituo cha Didube, Tbilisi, kuna magari madogo yanayoitwa marshrutka, ambayo Mtanzania ataona ni daladala na Mkenya ataona ni matatu: gari huondoka likijaa, dereva hupokea noti mkononi, na mizigo hupangwa nyuma mpaka mlango ufungwe kwa kusukumwa. Skii zangu zilipita katikati ya viti, juu ya gunia la viazi la mama mmoja aliyenipa nusu ya mkate wake njiani bila kusema neno ninalolielewa. Safari ni ya saa mbili hadi mbili na nusu, na nauli yake ni sehemu ndogo sana ya teksi. Chakula pia kinamfaa aliye peke yake, hasa khinkali, yale maandazi ya kuchemsha yenye nyama na mchuzi ndani, ambayo huagizwa kwa idadi ya vipande.

Pamoja na hayo, sitamshauri anayeanza kabisa aende Gudauri peke yake, na sababu yangu ya kwanza ni darasa. Hapa mafunzo mengi huuzwa kwa saa na kwa mtu mmoja mmoja. Kundi la marafiki watatu humchukua mwalimu mmoja na kugawana ada. Msafiri wa peke yake huilipa yote, na baada ya siku tatu za masomo akiba yote aliyoipata kwenye lifti imekwisha. Sababu ya pili ni malazi: Gudauri ina hoteli na fleti nyingi lakini hosteli zake ni chache, na katika siku za Mwaka Mpya na Krismasi ya Waorthodoksi, ambayo ni tarehe 7 Januari, vitanda vya bweni huisha mapema sana. Zipo siku pia ambazo upepo hufunga lifti za juu, na theluji nyingi hufunga barabara yenyewe. Ukiwa na ndege ya kurudi kesho yake asubuhi, hilo ni hatari kwa mfuko wako, kwa hiyo usiku wa mwisho ni lazima ulale Tbilisi.

Sababu ya tatu ni ya usalama, na ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote. Watu wengi huja Gudauri kwa ajili ya theluji iliyo nje ya njia zilizotayarishwa. Mlima hauna miti, kila mteremko unaonekana wazi na unavutia, na nyayo za skii za wengine humwambia mtu kwamba kule kunapitika. Maporomoko ya theluji hayatambui nyayo za waliotangulia. Atokaye nje ya njia akiwa peke yake hana wa kumfukua, hata kama amebeba kifaa cha kutoa ishara, kwa maana kifaa hicho kinahitaji mwenzako mwenye cha kupokea. Aliye peke yake abaki ndani ya nguzo za alama. Hilo kwangu halina mjadala.

Kwa wasomaji walioko Oman, Falme za Kiarabu, Qatar na Saudia, Gudauri ina faida ya pekee. Ndege za kwenda Tbilisi kutoka Ghuba ni nyingi na ni za masafa mafupi, na Georgia imekuwa ikiwaruhusu wengi wenye kibali halali cha ukaazi katika nchi za Ghuba kuingia bila viza kwa muda wa hadi siku 90. Masharti ya namna hiyo hubadilishwa, kwa hiyo yasomwe upya katika tovuti ya wizara ya mambo ya nje ya Georgia kabla ya kulipia tiketi, pamoja na sharti la bima ya afya.

Innsbruck

Innsbruck huwatia watu hofu kwa sababu iko Austria, na Austria inasifika kwa vituo ambavyo tiketi ya siku moja imepita euro 70, kama Kitzbühel na St. Anton. Lakini Innsbruck si kijiji cha mlimani. Ni mji wa chuo kikuu wenye wakazi zaidi ya laki moja, uliokwisha kuandaa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mara mbili, mwaka 1964 na 1976, na mji wa wanafunzi huwa na mambo ambayo kijiji cha watalii hakina: hosteli zinazofunguliwa mwaka mzima, maduka ya vyakula yenye bei za wakazi, mabasi ya usiku, na vifaa vya mitumba. Milima imeuzunguka pande zote. Unaweza kulala katikati ya mji, ukanunua mkate na jibini dukani saa moja asubuhi, na saa tatu ukawa unateleza.

Usafiri ndio unaoipa Innsbruck ushindi katika hesabu ya mtu mmoja. Kutoka Munich treni huchukua chini ya saa mbili, na zipo treni za usiku zinazoleta wasafiri kutoka miji ya mbali. Kituo cha reli kiko mjini, na hakuna teksi wala gari la kukodi linalohitajika baada ya hapo. Malazi mengi yaliyomo katika mpango wa mji huwapa wageni wanaolala usiku mbili au zaidi kadi inayoitwa Welcome Card, inayowaruhusu kupanda mabasi na tramu za eneo hilo, yakiwemo mabasi ya kwenda milimani wakati wa msimu. Kabla ya kuweka nafasi, uliza kama hosteli yako inaitoa, kwa kuwa tofauti yake kwa wiki ni kubwa.

Hapa mtu huchagua mlima kwa kadiri ya uwezo wake na mfuko wake, siku kwa siku. Muttereralm unaufikia kwa tramu ya bonde la Stubai, ambayo ina kituo karibu na lifti. Ni mlima mdogo, mpole, na tiketi yake iko chini ya zile za vituo vikubwa, kwa hiyo ndio ninaompeleka kila anayeanza. Patscherkofel, ambao ndio mlima ambao Franz Klammer, mtelezaji wa Austria, alishindia medali ya dhahabu mwaka 1976, unafikiwa kwa basi la J, na una njia ndefu ya kutosha kumchosha mwenye uzoefu wa wastani. Theluji ikiwa haba huku chini, barafu ya kudumu ya Stubai hupanda hadi mita 3,210 na haikosi theluji. Nordkette, unaouona kutoka kila mtaa wa mji, unaanza kupandwa kwa treni ya mlimani ambayo vituo vyake vilibuniwa na msanifu majengo Zaha Hadid na kufunguliwa mwaka 2007. Panda ukatazame mandhari, lakini usiufanye kuwa mlima wako wa kwanza, kwa sababu miteremko yake ni mikali sana. Mwenye nia ya kuteleza kila siku kwa siku tatu au zaidi atazame tiketi ya pamoja inayoitwa Ski plus City, ambayo inakubaliwa katika milima zaidi ya kumi na katika mabwawa ya kuogelea na makumbusho ya mji.

Darasa nalo linakwenda kwa kikundi. Shule za Austria huanza mafunzo ya watu wazima siku ya Jumapili au Jumatatu na kuyaendeleza kwa siku tatu hadi tano, kwa hiyo msafiri wa peke yake apange kufika Jumamosi. Akifika Jumatano, atakuta makundi yamekwisha kuundwa na ataambiwa achukue mwalimu wa peke yake, ambaye kwa siku moja humgharimu sawa na siku kadhaa za kikundi. Nilijifunza katika kundi la watu saba, na jambo ninalolikumbuka kuliko yote ni buti. Binti wa duka la kukodisha alinitazama nikizifunga, akapiga magoti, akatoa soksi ya pili niliyokuwa nimeivaa kwa hofu ya baridi, akavuta ulimi wa buti, akafunga vifungo kuanzia cha juu kwenye muundi, na akaniagiza nipinde magoti mpaka kisigino kikae. Soksi moja nyembamba, kisigino kikiwa kimeshikwa, vidole vikiwa huru kucheza: kwa kanuni hiyo sijapata tena malengelenge, na sijapoteza tena nusu siku kwenda kubadilisha buti.

Kasoro ya Innsbruck ni mlo wa nje na kitanda cha wikiendi. Supu na soda katika kibanda cha mlimani huweza kula bajeti ya chakula ya siku nzima ya Bansko, kwa hiyo mkate wa kujifungashia ni lazima. Hosteli hujaa Ijumaa na Jumamosi, na bei ya kitanda kilekile hupanda. Anayeweza kukaa Jumapili hadi Alhamisi hulipa pungufu. Na kwa kuwa milima imetawanyika, dakika 20 hadi 60 za basi kila asubuhi ni sehemu ya mpango, na asiyezipenda afikirie kwingine. Kwa Mswahili kuna furaha ndogo ya kuongeza: Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, ni katika milima ya Austria hii hii alikojifunza mchezo, na mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Pyeongchang.

Kabla ya kuchagua

Kama hujawahi kuvaa skii na una wiki moja, kwangu chaguo ni kati ya Bansko kwa kifurushi cha wanaoanza na Innsbruck kwa darasa la Jumapili. Anayekuja kwa ndege kutoka mbali achague Bansko. Anayeweza kufika kwa treni achague Innsbruck. Gudauri naiacha kwa safari ya pili au ya tatu, mtu akiwa tayari anaweza kujitegemea. Anayezungumza Kifaransa, na wapo wengi miongoni mwa Waswahili wa Kongo na Burundi, aongeze chaguo la nne: shirika la UCPA la Ufaransa, lililoanzishwa mwaka 1965 na lisilo la kibiashara, huuza kukaa kwa wiki ambamo kitanda katika chumba cha pamoja, milo, vifaa, tiketi ya lifti na mara nyingi mafunzo vimo katika bei moja kwa kila mtu. Sijaona mpango mwingine unaomjali zaidi msafiri asiye na wenzake. Ukiugawa kwa siku, mara nyingi unashinda hata hesabu ya Bansko.

Tarehe huamua zaidi ya kituo. Krismasi, Mwaka Mpya na likizo za shule za Februari ni wakati wa familia, na bei zake ni za familia. Kati ya Januari 7 na mwisho wa mwezi huo, bei za vitanda vya Alps na vya Bansko hushuka kwa kiasi kinachoonekana. Kwa Gudauri ngoja mpaka baada ya katikati ya Januari, au uende Machi, siku zikiwa zimerefuka.

Wanaohitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, wajue kwamba ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na kwamba viza hiyo hiyo sasa inatumika Bulgaria, iliyokamilisha kuingia katika eneo hilo tarehe 1 Januari 2025. Bima inayodaiwa na ubalozi, ya angalau euro 30,000, haimaanishi kwamba inagharamia kuvunjika mguu mlimani. Isomwe neno kwa neno kama inataja michezo ya majira ya baridi na uokoaji wa helikopta. Nchini Austria helikopta hutozwa maelfu ya euro, na aliye peke yake hana ndugu wa kukimbizana na bili hiyo akiwa kitandani. Namba ya uokoaji wa milimani huko ni 140, na 112 hutumika kote Ulaya. Simu iwekwe mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa sababu baridi huzima betri ghafla, na kila asubuhi mtu wa mapokezi aachiwe jina la mlima unaokwenda na saa unayotarajia kurudi.

Kuhusu mavazi, usinunue mapya kwa ajili ya safari ya kwanza. Skii, buti, fimbo na kofia ngumu hukodishwa palepale. Jaketi na suruali zisizopitisha maji hupatikana katika mitumba ya nyumbani: Gikomba, Karume, na hasa soko la Memorial mjini Moshi, ambako wapagazi wa Kilimanjaro hujinunulia nguo za baridi. Jaketi langu la kwanza nililipata huko, na kwenye zipu ya mfuko lilikuwa bado linaning'inia kipande cha tiketi ya lifti ya Alps, hivyo nililirudisha lilikotoka.

Lesotho na Dubai

Kwa anayeishi Dar es Salaam au Nairobi na anayetaka kwanza kujua kama mchezo huu unampenda, Ulaya si lazima. Dubai kuna ukumbi wa ndani, Ski Dubai, uliofunguliwa mwaka 2005 katika Mall of the Emirates, wenye njia ya mita 400 hivi na darasa la wanaoanza. Anayesubiri ndege ya kuunganisha anaweza kupata somo la kwanza hapo, nguo za baridi zikiwemo kwenye tiketi. Ni ghali kwa saa, lakini saa mbili zinatosha kumwonyesha mtu kama magoti yake yanakubali.

Afriski ya Lesotho ni mlima wa kweli, karibu na kivuko cha Mahlasela katika milima ya Maluti, ambako kituo kiko zaidi ya mita 3,000 juu na njia kuu ina urefu wa takriban kilomita moja. Msimu wake ni Juni hadi Agosti, sehemu kubwa ya theluji ikitengenezwa kwa mashine. Wenye pasipoti za Tanzania, na za Kenya tangu Januari 2023, huingia Afrika Kusini, inayoizunguka Lesotho pande zote, bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka, na wanaotoka Kenya wabebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Malazi ya bweni yapo, vifaa hukodishwa hapo hapo, na randi ya Afrika Kusini inapokelewa sawa na loti, sarafu ya Lesotho.

Tatizo la Afriski ni lile lile nililoanza nalo: sehemu ya mwisho ya safari. Ni mwendo wa saa nne hadi tano kwa gari kutoka Johannesburg, na usafiri wa umma hauendi moja kwa moja, kwa hiyo wengi hukodi gari ambalo mtu mmoja huligharamia peke yake. Uliza kwanza kituoni au katika hosteli za Johannesburg kama kuna wanaokwenda wikiendi hiyo wenye kiti kilicho wazi. Ikiwa utakodi, mwombe mwenye gari barua ya ruhusa ya kuvuka mpaka siku kadhaa kabla, na uibebe nakala halisi, kwa maana bila barua hiyo safari inaweza kuishia kwenye lango la mpakani la Caledonspoort.